Paa la Mtakatifu Barbara

"Mama," alisema Alfons Sobotta huku macho yake yakiwa kwenye sahani, "mwambie mwenyekiti anisogezee chumvi."

Mwenyekiti alikuwa Beate, binti yao wa pekee, naye alikuwa amekaa umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwa baba yake. Chumvi ilikuwa mbele yake. Aliitazama, akamtazama mama yake, kisha akaisukuma taratibu mpaka ikagota kwenye bakuli la viazi.

"Mama," alisema naye, "mwambie sakristani chumvi yake hiyo hapo. Na umkumbushe daktari alivyosema."

"Semezaneni wenyewe, midomo mnayo," alijibu Irmgard. "Mimi si posta."

Lakini posta alikuwa, tena posta isiyofungwa hata Jumapili, tangu mwezi Machi. Mwezi huo halmashauri ya parokia ilikubali kulifunga na kulibomoa kanisa lao la Mtakatifu Barbara, kura saba kwa nne, na Beate, aliyekuwa mwenyekiti, ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Alfons alikuwa sakristani, mtunzaji wa kanisa hilo, kwa miaka thelathini na minane. Kabla ya hapo alikuwa mmoja wa wachimba makaa waliolijenga kwa mikono yao. Tangu siku ya kura hakuwa amemwita binti yake kwa jina. Beate hakuacha kuja kila Jumapili baada ya Misa, akala nyama na viazi vya mama yake, akaosha vyombo, akaenda zake. Irmgard alishukuru kimoyomoyo kwamba angalau wote wawili walikuwa wakaidi sawasawa: mmoja hakuacha kununa, mwingine hakuacha kuja.

Sasa zilikuwa zimebaki wiki tatu. Tarehe nne Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Barbara mwenyewe, mjumbe wa askofu angekuja, Misa ya mwisho ingesomwa, taa ya tabernakulo ingezimwa, na sakristani angefunga mlango na kumkabidhi ufunguo mwenyekiti wa halmashauri mbele ya watu wote. Ndivyo utaratibu ulivyoandikwa. Alfons alishasema kwamba hatakwenda, na ufunguo hautoi. Alikuwa ameufunga kwa kamba ya kiatu akauvaa shingoni, ndani ya fulana, na hata kuoga alioga nao.

"Nina jambo moja," alisema Beate akimtazama mama yake. "Tunachapa kijitabu cha Misa ya mwisho. Tunataka kurasa mbili za historia: kanisa limejengwaje, nani walilijenga. Tunatafuta wa kuandika."

Meza nzima ilijua nani anayefaa kuandika. Yule anayefaa aliinuka, akaweka sahani yake kwenye sinki, akatoka uani bila koti.

"Nitaandika mimi," alisema Irmgard.

"Wewe, mama?"

"Kwani wakati linajengwa mimi nilikuwa wapi? Nani alikuwa akiwapelekea supu?"

Kesho yake Irmgard alikaa kwenye meza ya jikoni na daftari la mistari. Ng'ambo ya meza alikuwepo Alfons, au tuseme lilikuwepo gazeti, na vidole vinane vya Alfons. Irmgard aliandika huku akijisomea kwa sauti.

"Kanisa letu lilianza kujengwa mwaka elfu moja mia tisa na sitini."

Gazeti lilitulia.

"Msanifu wake alitoka Düsseldorf."

"Köln," lilisema gazeti.

"Alikuwa mtu mzima, mwenye kitambi."

"Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mwembamba kama ufito!" Gazeti lilishuka. "Na ilikuwa sitini na moja, si sitini. Unaandika nini hicho, mama? Watu watacheka."

Irmgard aliinamisha uso asionekane anavyotabasamu. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka hamsini na tisa. Alijua kwamba Alfons anaweza kuvumilia jino bovu, baridi na hotuba za maaskofu, lakini kosa la tarehe hawezi. Basi akaendelea kukosea, na kwa kila kosa akapata aya nzima.

Hivyo ndivyo alivyoipata habari ya siku ile michoro ilipobandikwa ukutani kwa mara ya kwanza na vikongwe wakatoka wakilia, kwa sababu hapakuwa na mnara wala malaika, bali pande mbili za zege tupu zilizoinama zikakutana juu kama hema, upande wa kushoto ukishuka mpaka karibu na vichwa vya watu. "Hilo ni ghala la viazi," alisema mmoja. Msanifu hakukasirika. Aliwaambia wachimbaji: ninyi mnashinda chini ya jiwe tupu mkimwomba Mungu awatoe salama. Mbona mnaona haya kumshukuru chini ya jiwe tupu? Hapo wanaume wakatazamana, wakavua kofia.

Alipata habari ya madirisha, vipande vya vioo vinene kama matofali vilivyopandwa ndani ya saruji, bluu mlangoni na vyekundu kadiri unavyokaribia altare, ili saa nne asubuhi mtu aingie kwenye maji na kufika kwenye moto. Na habari ya wanaume waliotoka zamu ya mgodini wakaja moja kwa moja kujenga, wanja wa makaa bado umewakaa machoni. Hiyo Irmgard hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa msichana wa miaka ishirini, amebeba supu ya njegere kwenye kopo la maziwa, na miongoni mwa macho yale yenye wanja alikuwa amechagua mawili.

"Paa likamwagwa kwa siku mbili bila kupumzika," alisoma Irmgard, "na baada ya siku ishirini na nane mirunda iliyolishikilia ikaondolewa."

"Haikuondolewa!" Gazeti lilikuwa chini kabisa sasa. "Mhandisi alisema siku ishirini na nane. Sisi tukakataa. Kule chini mgodini huondoi mti hata mmoja mpaka umegonga paa ukasikiliza. Paa zima hulia kama kengele. Paa bovu hulia kama debe tupu. Tukagonga. Halikuwa bovu, lakini lilikuwa bado halijasema. Msanifu akafoka, akatuita wajinga, hili ni zege si mgodi! Tukamwambia, paa ni paa. Mirunda ikakaa wiki tatu zaidi. Jumapili moja akaja mwenyewe, peke yake, akachukua nyundo, akagonga, akasikiliza. Akamuuliza mzee Stanik: 'Sasa?' Stanik akasema: 'Sasa.' Ndipo tukaitoa."

"Na vile vipande vya mbao?"

"Kila mtu akabeba chake kwapani, kama siku zote." Siku zote za mgodini mchimbaji hakurudi nyumbani mikono mitupu. Alibeba kigogo kilichobaki kwenye kukata miti ya kushikilia paa, cha mkewe kuwashia jiko, na mtaani kila mtu alikiita kigogo cha mama. "Kitako cha mrunda wa mwisho ndicho kigoda changu pale sakristia. Vya kila siku nilikuletea wewe. Ingawa si mimi niliyevifikisha mlangoni. Beate alikuwa akiningoja pale konani, akaning'ang'ania mpaka nimpe yeye avibebe..."

Jina lilikuwa limemtoka, na wote wawili walilisikia. Akaliokota gazeti.

Irmgard aliuma kalamu. "Nimalizie vipi? Paa hilo sasa likoje?"

"Andika lipo imara."

"Beate anasema wahandisi wamekuta nondo zimeoza ndani. Euro laki tisa kulitengeneza."

"Basi andika anavyosema Beate," alijibu Alfons, akatoka tena uani bila koti.

Jumatano walikwenda pamoja kusafisha vinara. Walimkuta kijana wa ofisi ya jimbo, Bwana Terhorst, mtu mpole mwenye viatu visivyo na sauti, akipita na karatasi za namba na kubandika kila kitu kitakachohamishwa. Kiti cha padre kilikuwa namba kumi na mbili. Kisima cha ubatizo, kumi na tisa. Kule sakristia kijana aliinama juu ya kigoda cha Alfons, akakigeuza, akaandika kwenye orodha yake: gogo moja. Akakibandika arobaini na saba.

"Samahani mzee," alisema kwa adabu alipomwona Alfons mlangoni, "wewe ni nani hapa?"

Alfons aliupapasa ufunguo juu ya fulana.

"Ni sakristani," alisema Irmgard. "Na hilo gogo ni kiti chake."

Kijana aliona haya hadi masikioni. Ili kupoza mambo akauliza la pili, kuhusu kamba iliyofungwa kwenye mabenchi saba ya nyuma upande wa kushoto. Ni ya nini?

"Hita za upande huo mbovu," alisema Alfons haraka. "Watu wangepata baridi."

Terhorst, kwa kutaka tu kuonekana anasaidia, aliweka kiganja juu ya bomba. "Mbona ya moto?"

Irmgard aliutazama ukosi wa mumewe na kuuona unageuka mwekundu. Kamba hiyo ilikuwa pale miaka sita. Watu waliifanyia mzaha, wakasema Sobotta anafuga mbuzi kanisani. Irmgard mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la tisa kushoto kwa zaidi ya miaka arobaini, mpaka mumewe alipomwambia hita imeharibika, naye akahamia kulia bila kuuliza. Hakuwahi hata siku moja kuweka mkono kwenye bomba.

Alhamisi asubuhi alishuka kwenye stoo ya chini ya nyumba kuchukua viazi. Hakuwa na nia ya kupekua. Lakini swali la jana lilikuwa limemkaa kama mwiba wa samaki, na alipoona kwamba vumbi mbele ya pipa la zamani la makaa limekanyagwa, alisogea. Pipa hilo halikuwa na kazi tangu walipoingiziwa gesi. Alifunua kifuniko.

Kwanza aliona mitungi yake ya jamu. Miaka yote alikuwa akilalamika kwamba mitungi inapotea, akamshuku hata jirani, Mungu amsamehe. Ilikuwa kumi na mmoja, na ndani mwake hamkuwa na jamu bali vipande vya zege vya kijivu, vingine vikiwa na kutu ya nondo pembeni. Kila mtungi ulikuwa na karatasi yenye mwandiko wa Alfons, tarehe na namba ya benchi. Chini kabisa kulikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo kipande kimoja kikubwa kama mkate wa kilo.

Mtungi wa kwanza ulisema: Februari 2016, kushoto, benchi la 9.

Irmgard alikaa kwenye ngazi. Alikasirika, na alimpenda, na hakujua aanze na lipi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, mama yake alikuwa akisema, lakini hapa maradhi hayakuwa ya mtu mmoja. Alibeba mtungi mmoja akapanda nao. Viazi alivisahau.

Alfons alipokuja kunywa kahawa aliukuta mezani, kati ya siagi na asali.

"Ulitafuta nini huko chini?" aliuliza.

"Viazi. Nikakuta mitungi yangu."

Alikaa. Mikono aliiweka mezani, kila mmoja peke yake. "Kila Jumamosi nilikuwa naligonga kwa ule ufito wa kuwashia mishumaa. Miaka yote lilikuwa linalia vizuri, mama. Halafu mwaka ule upande wa kushoto ukaanza kulia kama debe. Kikaanguka kipande kwenye benchi lako. Siku ya kazi, hapakuwa na mtu. Nikapanda ngazi, vilivyolegea nikavitoa kwa patasi, vinidondokee mimi kuliko watu."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema wangelifunga."

"Ukaacha watu wakae chini ya paa ulilolisikia mwenyewe."

"Niliweka kamba!"

"Kamba, baba."

Alfons aliinamisha kichwa. Nje gari la taka lilipita, likasimama, likaondoka.

"Kule chini," aliuliza Irmgard taratibu, "mtu akisikia paa linasema, akanyamaza, mlikuwa mnamfanyaje?"

"Hakuna aliyekula naye tena meza moja."

"Na aliyepiga kelele watu watoke?"

Mabega yake yalianza kutikisika, na Irmgard, aliyekuwa amekuja na ugomvi mzima tayari mdomoni, alisogeza kiti akakaa karibu naye na kukishika kichwa chake cheupe kifuani.

"Miezi minane umemnunia mtoto," alisema juu ya nywele zake, "kwa sababu yeye ndiye aliyepiga kelele."

Baadaye Alfons alijipangusa kwa leso. "Mama," alianza, "mwambie Beate..."

"Mimi si posta," alisema Irmgard.

Lakini Jumapili iliyofuata Alfons hakusema kitu, wala iliyofuata hiyo. Aliomba chumvi akitazama dirisha, na mara mbili alifungua mdomo, kikatoka kikohozi. Irmgard aliandika ukurasa wake wa mwisho bila kumwuliza. Asubuhi ya tarehe nne alisikia msumeno nyumbani, huko uani. Alipotoka, Alfons alikuwa amevaa suti yake nyeusi ya wachimbaji yenye vifungo vya dhahabu, na vumbi la mbao magotini.

"Unakwenda?"

"Ufunguo si wangu," alisema.

Kanisa lilijaa hata waliokuwa hawajaingia tangu kipaimara chao. Kamba ya kushoto ilikuwepo, na siku hiyo hapakuwa na aliyeifanyia mzaha. Paroko, padre kutoka Kerala ambaye kila baridi ilimkuta amevaa sweta mbili chini ya kanzu, alisoma Misa polepole kama mtu asiyetaka kufika. Saa nne na robo jua likapita kwenye vioo, na bluu ikatambaa sakafuni juu ya viatu vya watu. Masalia ya watakatifu yalitolewa kwenye altare. Ekaristi ikabebwa. Mjumbe wa askofu alipoizima taa ya tabernakulo kulisikika sauti ya mtu mmoja akivuta pumzi, kisha kanisa zima.

Beate alisogea mbele kupokea ufunguo. Alikuwa amevaa koti la kijivu, mkono wake ameshaunyoosha kama utaratibu ulivyosema. Alfons alimpita. Alikwenda kuchukua ufito wa mishumaa.

"Watu wote nje kwanza," alisema kwa sauti ya mgodini. "Mwenyekiti abaki."

Mjumbe alimtazama paroko. Paroko alivuta sweta zake, akasema, "Twendeni," naye akawa wa kwanza kutoka. Irmgard alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, kwa sababu mke si watu wote.

Alfons alikwenda kwanza upande wa kulia. Akainua ufito, akagonga paa, na zege likalia kama kengele iliyo mbali. Akapita chini ya kamba mpaka kwenye benchi la tisa, Beate nyuma yake, akagonga kushoto.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba," alisema Beate.

"Mimi nilisikia kabla yako. Miaka sita. Nikanyamaza. Vipande nikavificha nyumbani kwenye mitungi ya mama yako." Akaushusha ufito. "Wewe ulifanya alivyopaswa kufanya mchimbaji. Mimi nikakununia."

"Najua, baba."

"Unajua kwamba nilikununia?"

"Najua habari ya vipande. Wahandisi waliandika kwamba kuna mtu ametoa zege kwa patasi, tena fundi. Mwenye ufunguo ni mmoja. Niliwaomba mstari huo wasiupeleke kwenye kikao. Nikawaambia nitauulizia mwenyewe."

Alfons alimtazama. "Tangu Machi? Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuulizaje? Ulikuwa huongei na mimi."

Ilianza kama kicheko, Irmgard aliapa baadaye kwamba ilianza kama kicheko, lakini yule mzee na yule mwanamke wa miaka hamsini na saba waliishia kulia wameshikana chini ya upande mbovu wa paa, mpaka Irmgard akaita, "Haya tokeni huko, mtaangukiwa!"

Wakatoka. Alfons alifunga mlango, akaivua ile kamba ya kiatu shingoni mwake, akamvisha Beate mwenyewe mbele ya watu, ufunguo ukiwa bado na joto. Kisha akafungua koti, na kutoka kwapani akatoa kigogo cha mbao, kilichokatwa kwa msumeno upande mmoja, na upande wa pili kimeng'aa kwa kukaliwa miaka sitini. Karatasi ya namba arobaini na saba ilikuwa bado imebandikwa.

Bwana Terhorst aliiona. Kila mtu alimwona anavyoiona. Alifungua orodha yake, akaitazama kwa muda, akapiga mstari.

"Gogo moja," alisema. "Halikupatikana."

"Shika," Alfons alimwambia binti yake. "Cha kuwashia moto."

"Mimi natumia gesi, baba."

"Nani amekuambia ukiwashe?"

Walirudi nyumbani kwa miguu, Beate mbele na kigogo kwapani, wazee nyuma wameshikana mikono kwa sababu ya barafu. Kwenye kona ya mtaa, pale pale, Beate alisimama akawangoja. Alfons alifika akihema.

"Kizito?" aliuliza.

"Kizito."

"Nipe basi, Beate."

"Sikupi," alisema Beate, akakihamishia kwapa la pili.